Rangi Moja, Maua Mengi: Somo la Batiki kwa Vikundi vya Parokia

Katika toleo hili tunaleta somo juu ya batiki. Ni kazi ambayo vikundi vingi vya akina mama, mjini Morogoro na katika vijiji vya milima ya Uluguru, vimeijaribu au vinafikiria kuijaribu. Tumelichagua somo hili kwa sababu maombi yanayoletwa mezani petu yanafanana. Kikundi kinaomba rangi za aina sita au saba, mabeseni, na semina ya siku tano. Baada ya miezi michache kabati la ofisi ya parokia limejaa vitambaa visivyopata mnunuzi. Rangi zinang'aa kweli, lakini maua ni yale yale: duara kubwa katikati na madogo pembeni, kama ya kikundi cha parokia ya jirani.

Shida hiyo haitatuliwi kwa kuongeza kopo la rangi. Tunaiona kuwa shida ya maua, na maua hayanunuliwi dukani. Pendekezo letu ni kwamba kabla kikundi hakijanunua rangi ya pili, kijifunze kwanza kutoa maua kumi tofauti kwa rangi moja. Rangi moja ya buluu iliyoiva au ya kahawia inatosha kwa mafunzo ya miezi mitatu ya mwanzo. Tutaeleza namna ya kufanya hivyo, pamoja na mambo mawili ambayo yakipuuzwa mradi unaweza kuleta madhara, yaani usalama wa wanaofanya kazi na maji yanayomwagwa.

Maua hutoka wapi

Mgeni wa kazi hii hudhani kwamba mtengeneza batiki anachora kwa rangi, kama mtu anayepaka ukuta. Ukweli ni kwamba kitambaa kizima huzamishwa katika beseni, na rangi hujaribu kuingia kila mahali. Maua hutokea pale ambapo kitu fulani kimeizuia: uzi uliokazwa, mkunjo, vibao vilivyobana, nta, hata uji wa muhogo. Anayebuni maua anabuni kizuizi.

Kizuizi kikikazwa sana, mstari mweupe hutoka mkali kama uliokatwa kwa kisu. Kikilegea kidogo, rangi hupenya taratibu na kuacha ukingo unaofifia. Fundi mzuri hutumia vyote viwili katika kitambaa kimoja. Hapo ndipo kitambaa laini kinapoonekana kama kina mawe, magome ya mti, au mchanga uliopitiwa na maji ya mto. Ukipitisha kiganja hukuti kitu, lakini macho yanahisi mparuzo. Katika somo hili tutaita sura zinazojirudia kwa mpangilio "maua", kama tunavyosema dukani kitenge kina maua mazuri, na hali ile ya kuonekana kama kuna mikwaruzo, nyufa au chembechembe tutaiita "mparuzo". Vitambaa vingi vinavyokaa kabatini vina maua lakini havina mparuzo. Vinaonekana vitupu, na mnunuzi anaona bora achukue kitenge cha mashine ambacho bei yake ni ndogo.

Ni vizuri pia kuelewa rangi yenyewe inafanyaje kazi. Rangi ya unga inayotumiwa sana kwa batiki hapa Tanzania haiyeyuki katika maji matupu. Inahitaji kostiki soda na haidrosalfaiti. Hizi mbili kwa pamoja huiondolea rangi oksijeni, nayo huyeyuka na mara nyingi hubadilika sura. Nili, kwa mfano, ikiwa ndani ya beseni huonekana ya kijani chenye umanjano, na kitambaa kikitolewa hugeuka buluu mbele ya macho kwa sababu kinapata hewa. Oksijeni ikirudi, rangi inakuwa tena kitu kisichoyeyuka, safari hii ikiwa imenaswa ndani ya nyuzi za pamba. Ndiyo sababu batiki iliyotengenezwa vizuri haichuji. Kinachoigeuza rangi ni hewa na wala si jua, kwa hiyo vikundi vya Kinole na Matombo, ambako mvua ni nyingi, visisubiri siku ya jua. Kamba iliyofungwa chini ya paa inatosha.

Kitambaa na beseni

Tumieni pamba tupu: bafta, marekani, drili au mashuka ya pamba. Muuza duka anaweza kusema ni pamba kumbe imechanganywa. Chomoeni nyuzi mbili na kuzichoma. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Nyuzi za kiwandani huyeyuka na kuacha kidonge kigumu, na nyuzi hizo hazipokei rangi ya batiki. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani. Kisipochemshwa kwa sabuni na kusuuzwa, wanga huo nao utakuwa kizuizi ambacho hamkukipanga, na mabaka yatatokea.

Kipimo kinachotumika sana ni kijiko kimoja cha chakula cha rangi, kijiko kimoja cha kostiki soda na vijiko viwili vya haidrosalfaiti, kwa mita moja hadi mbili za kitambaa kutegemea uzito wake na ukolezi unaotakiwa. Rangi hutofautiana, hivyo maelezo ya muuzaji yafuatwe kwanza. Rangi iyeyushwe kwa maji kidogo ya moto. Kostiki soda iyeyushwe peke yake katika chombo cha maji ya baridi, ikitiwa kidogo kidogo, kisha imiminwe kwenye rangi. Haidrosalfaiti huja mwisho. Subirini dakika chache mpaka mchanganyiko ubadilike sura, ndipo muumimine kwenye beseni lenye maji ya kutosha kufunika kitambaa. Kitambaa kikae dakika 10 hadi 15, kikigeuzwa chini ya maji bila kuinuliwa juu. Kikiinuliwa kinapata hewa kabla ya wakati, na hiyo huleta madoa.

Hapa lazima tuwe wakali. Kostiki soda huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Siku zote soda huwekwa kwenye maji. Maji yasimiminwe juu ya soda, maana huchemka ghafla na kuruka. Glavu ndefu za mpira, miwani ya kukinga macho na viatu vilivyofunikwa ni sehemu ya mradi kama rangi ilivyo sehemu ya mradi, na kikundi kisichokuwa navyo kisianze. Sufuria zetu nyingi za nyumbani ni za alumini, na kostiki soda hula alumini. Tumieni plastiki imara, chuma cha pua au vyombo vya enameli visivyobanduka, na vyombo hivyo visirudi jikoni kamwe. Soda ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo. Haidrosalfaiti nayo ihifadhiwe ndani ya chombo kikavu kinachofungwa sawasawa. Ikipata unyevu hujipasha moto yenyewe, hutoa moshi unaokaba, na inaweza kuwaka. Dalili kwamba imeharibika ni mchanganyiko kukataa kubadilika sura. Watoto wasiwepo, na mama mjamzito apewe kazi ya kukunja na kushona mbali na mabeseni. Kazi hiyo, kama mtakavyoona, ndiyo yenye thamani kubwa zaidi.

Mikunjo, mbegu na sindano

Tuanze na njia rahisi ambayo watu huidharau: kufinyanga. Kitambaa kilicholowa kinakusanywa kwa viganja kama udongo wa mfinyanzi, kila upande ukisukumwa kuelekea katikati mpaka kiwe bonge, kisha kinafungwa ovyo kwa kamba ya nailoni. Kikizamishwa katika rangi nyepesi hutoka na mishipa kama ya marumaru. Kikifunguliwa, kikafinyangwa upya na kuzamishwa tena katika rangi ile ile, mishipa ya pili hupita juu ya ile ya kwanza, na kwa rangi hiyo moja unapata weupe, wepesi na ukolezi vyote pamoja. Huu ni mparuzo wa msingi. Hauna maua bado. Kitambaa kilichoandaliwa hivi ni kama shamba lililolimwa, na maua yatakayowekwa juu yake hayatabaki yameelea peke yake.

Rangi nyepesi hiyo itoke wapi? Si lazima ichanganywe upya. Beseni lililokwisha kutia vitambaa viwili vitatu vya kukoleza bado lina rangi kidogo. Badala ya kulimwaga, zamisheni humo siku hiyo hiyo vitambaa vyeupe vilivyofinyangwa, ambavyo vitakuwa msingi wa kazi ya wiki ijayo. Msingoje kesho, kwani nguvu ya haidrosalfaiti haidumu. Kwa utaratibu huu beseni moja linatoa ukolezi wa ngazi tatu, gharama ya rangi inashuka, na kinachomwagwa kinakuwa kidogo. Tunapenda kamati ziliangalie jambo hili kwa makini kuliko idadi ya makopo.

Juu ya msingi huo huja mikunjo. Kunjeni kitambaa kama kipepeo cha karatasi, mkunjo mmoja mbele na mmoja nyuma, mpate utepe mrefu. Kisha kunjeni utepe huo kwa miraba, tena mbele na nyuma. Msikunje kwa kuviringisha kama mkeka, kwa sababu tabaka za ndani zitafichwa na rangi haitazifikia. Banieni bonge hilo kati ya vibao viwili vya ukubwa sawa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyovutwa kwa nguvu. Mtapata madirisha yaliyopangwa safu kwa safu. Mkikunja kwa pembetatu badala ya miraba, zinatokea nyota. Mkibadilisha vibao tu, yaani mkaweka vijiti viwili vyembamba vilivyopishana, mnapata maua mengine kabisa bila kubadilisha mkunjo. Kikundi kinaweza kukaa na mkunjo mmoja mwezi mzima kisimalize namna zake.

Njia ya mbegu inajulikana na wengi. Punje ya mahindi, harage au kokoto hufungwa ndani ya kitambaa kwa uzi, na kila moja huacha pete. Kinachokosekana mara nyingi ni kipimo. Wekeni nafasi ya vidole vinne kati ya punje na punje, na safu ya pili ianzie katikati ya nafasi za safu ya kwanza. Jicho huanza kuona mistari ya mshazari ambayo hakuna aliyeichora. Changanyeni mbegu ndogo na kubwa kwa utaratibu, kwa mfano maharage mawili kwa kokoto moja, na kitambaa kitaanza kuwa na mwendo kama wa ngoma.

Njia tunayoipenda zaidi ni ya sindano. Sura huchorwa kwa penseli, kisha hushonwa kwa mishono mirefu ya kawaida kwa uzi wa nailoni ulioongezwa mara mbili, halafu uzi unavutwa mpaka kitambaa kisinyae kabisa, na fundo linapigwa. Mishono ikiwa ya nusu sentimita inatoa mstari wa vidoti vidogo. Mishono ya sentimita moja na nusu inatoa kitu kama alama za nyayo. Mistari mitano inayofuatana karibu karibu inatoa mparuzo wa gome la mti. Kazi hii ni ya polepole. Hata hivyo haihitaji dawa, moto wala chumba. Inaweza kufanywa barazani mtu akiongea na mwenzake, na inaweza kuwekwa chini uji ukichemka na kuchukuliwa tena baadaye. Kwa mama wa mlimani mwenye shamba, mtoto mgongoni na safari ya kuteka maji, hiyo ni faida ambayo haionekani katika andiko la mradi.

Nta, mshumaa na uji wa muhogo

Batiki ya nta asili yake inayojulikana zaidi ni kisiwa cha Java, Indonesia, na mwaka 2009 UNESCO iliitambua batiki ya huko kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Katika karne ya 19 Waholanzi walijaribu kuiiga kwa mashine. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond ilianzishwa mwaka 1846, na vitambaa vya namna hiyo vikapata soko kubwa Afrika Magharibi. Kitenge tunachovaa leo ni mjukuu wa safari hiyo. Inafurahisha kujua kwamba katika batiki ya mkono nyufa ndogo za nta zilihesabiwa na wengi kuwa kasoro, na viwanda vikaziiga kwa makusudi kwa sababu wateja wa Afrika Magharibi walizipenda.

Nyufa hizo zinaweza kupangwa. Nta ya mishumaa ni ngumu na huvunjika upesi, hivyo hutoa nyufa nyingi. Nta ya nyuki ni laini, hupinda bila kupasuka, na hulinda sehemu nyeupe vizuri zaidi. Anzeni na nusu kwa nusu, kisha ongezeni moja au nyingine kadiri mnavyotaka. Hali ya hewa nayo ni kifaa cha kazi. Asubuhi ya Julai huko Mgeta nta hupasuka kwa kubonyezwa kidogo tu, wakati mjini mchana wa Januari italazimu kitambaa kitiwe kwanza katika maji ya baridi sana. Nta iyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa juu ya chombo kingine chenye maji ya moto, isiwekwe moja kwa moja motoni. Ikishika moto funikeni kwa kifuniko, msimwagie maji. Mihuri inaweza kukatwa kutoka sponji ya godoro na kubandikwa kwenye kibao. Mkipiga muhuri angalieni upande wa pili: sehemu yenye nta ikionekana kama karatasi iliyopakwa mafuta, nta imepenya. Ikibaki nyeupe juu juu, nta ilikuwa ya baridi na rangi itapita chini yake. Beseni la rangi liwe vuguvugu tu, la sivyo nta itayeyuka humo. Mwisho kitambaa huchemshwa kwa maji ya sabuni, na nta inayoelea ikipoa huokotwa na kutumiwa tena.

Wayoruba wa Nigeria wana njia isiyohitaji nta kabisa. Katika adire eleko hupaka uji wa wanga wa muhogo upande mmoja wa kitambaa, kwa unyoya au kupitia bati lililotobolewa, wakausubiri ukauke, kisha wakazamisha kitambaa katika nili. (Vitambaa vyao vya kufunga huviita "kampala", jina la mji wa majirani zetu!) Muhogo si haba upande wa Matombo na Mkuyuni, na tungependa vikundi vya huko vijaribu. Uji huo hulegea ukikaa majini muda mrefu, kwa hiyo kitambaa kizamishwe mara tatu nne kwa muda mfupi, kikipata hewa katikati.

Watu hutuuliza pia kuhusu rangi za mimea. Manjano yanayolimwa katika miteremko ya mashariki ya Uluguru hutoa rangi nzuri sana, hasa kitambaa kikitiwa shabu kwanza, lakini hupauka juani. Yafaa kwa majaribio na kwa vitu vya ndani. Asiuziwe mtu gauni la rangi ya manjano kwa ahadi kwamba litadumu.

Pindo na mji

Tukiwa na mikunjo, mbegu, sindano na nta, swali linalobaki ni kupanga. Mwalimu tunaye tayari, ni kanga. Kila mama anajua kwamba kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina. Pindo lina maua madogo yaliyobanana, na mji una nafasi ya kupumua. Batiki nyingi za vikundi hazina pindo wala mji, zimejaa kila mahali kwa nguvu ile ile, na jicho halijui litue wapi. Jaribuni hivi: pindo la mishono iliyobanana, mji wa kufinyangwa tu, na ua moja la kukunja lililowekwa pembeni kidogo ya katikati. Kwa rangi moja. Mtashangaa.

Sura zenyewe zitoke kwa watu wa mahali. Tumeona wafadhili wakiomba simba, twiga na Mmasai mwenye mkuki, ati ndivyo watalii wanavyotaka. Hatusemi ni dhambi kuchora twiga. Lakini mama wa Kiluguru anayesuka mkeka ana hesabu ya mistari ya mshazari kichwani mwake, na hesabu hiyo inahamia kwenye mkunjo bila shida. Ngazi za bustani za mboga za Mgeta, zikionekana kutoka ng'ambo ya bonde, ni mistari iliyopinda yenye unene usiolingana. Kwa sindano zinashoneka vizuri kabisa. Ngazi hizo zina funzo lingine. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba ngazi katika mashamba, na mwaka 1955 watu wa Matombo walisimama kupinga hadi mpango ukaachwa. Mgeta, ambako mboga zililipa, watu waliendelea kulima juu ya ngazi. Kitu kinachoamriwa kutoka nje na kitu ambacho mtu ameona faida yake vinaweza kufanana kwa sura, na mwisho wake ukawa tofauti.

Sare za kwaya

Soko la kwanza la kikundi cha parokia mara nyingi si watalii. Ni kwaya. Kwaya ya watu 40 inahitaji vitambaa 40 vinavyofanana, na kazi ya mkono haitoi viwili vilivyo sawa kabisa. Vikundi vingi vimepoteza wateja hapa, kwa kutia vitambaa 10 wiki hii na vingine 10 wiki ijayo kwa vipimo vya kukisia. Mstari wa kwanza wa waimbaji ukawa wa zambarau na wa nyuma wa waridi.

Kinachosaidia ni kupima rangi kwa mizani ndogo badala ya kijiko kinachojazwa leo na kufutwa kesho, kutumia rangi ya kopo moja kwa oda nzima, na kuhesabu dakika kwa saa. Zaidi ya hapo, oda ya sare ipangiwe maua ambayo tofauti zake hazisumbui. Kitambaa cha kufinyangwa chenye pindo la mkunjo kinavumilia: msingi wa kila kimoja uko tofauti, pindo ni moja, na kwaya nzima inaonekana ndugu. Duara moja kubwa katikati halivumilii, kwani likihama sentimita tano kila mtu anaona. Mwonesheni mwenyekiti wa kwaya vitambaa vitatu badala ya kimoja, akubali tofauti hiyo kabla ya kulipa malipo ya awali.

Maji yanakwenda wapi

Maji ya Uluguru hayaishii Uluguru. Mto Ruvu unaanzia huku na kuwanywesha watu wa Dar es Salaam. Ngerengere unaingia bwawa la Mindu, linalotegemewa na mji wa Morogoro. Beseni la batiki lililomwagwa kijitoni Kinole linaanza safari ndefu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mto kuwa eneo la kulindwa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ina ofisi yake Morogoro, kwa hiyo ushauri haupo mbali.

Kikundi kichimbe shimo mbali na mto, kisima na shamba la mboga, nje ya hizo mita 60, sehemu ambayo maji ya mvua hayapiti. Maji yaliyobaki yakorogwe yapate hewa na yaachwe usiku kucha. Rangi iliyobaki itageuka na kutuama chini. Bado yana kostiki, hivyo yashughulikiwe kwa glavu, na shimo liwe na uzio na mfuniko. Maji ya kusuuza kwa mara ya kwanza nayo yaende shimoni. Andiko la mradi wa batiki lisilo na shimo katika bajeti lirudishwe kwa waandishi wake.

Gharama, na kinachofaa kuchangiwa

Tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu ni za kufundishia tu. Tuseme kitambaa cha mita 4 kimegharimu shilingi 14,000, rangi na dawa 5,000, mkaa na sabuni 1,500, nauli 2,000. Jumla ni 22,500. Kikundi kinauza kwa 25,000 na kuandika faida 2,500. Lakini akina mama wawili wamefanya kazi nusu siku. Wakihesabiwa shilingi 4,000 kila mmoja, gharama ni 30,500, na kitambaa kimeuzwa kwa hasara ya 5,500 ambayo imelipwa kwa jasho lao. Kitambaa chenye maua ya kila mtu hakiwezi kuuzwa 38,000. Chenye msingi wa kufinyangwa, pindo la sindano na upande wa nyuma ulio sawa na wa mbele kinaweza, kama kimeonyeshwa mahali panapofaa. Maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya Mwalimu Nyerere hapa Morogoro ni mahali hapo, na tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwezi Juni 2024, mteja wa mjini amesogea karibu.

Wafadhili wetu wapendwa, semina moja ya siku tano yenye vyeti na picha za pamoja haitoshi kazi hii. Afadhali fedha hizo zilipe nauli na posho ya mwalimu mmoja arudi siku mbili kila mwezi kwa nusu mwaka. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina ofisi ya mkoa na imezoea kufundisha viwanda vidogo. Anzieni hapo kutafuta mwalimu. Kinachobaki kinunue glavu, miwani, mizani, saruji ya shimo, na kitambaa cheupe cha kuharibia. Neno hilo la mwisho huwashtua wahasibu, lakini mwanafunzi anayeogopa kuharibu kitambaa atafunga duara lile lile maisha yake yote.

Kitambaa cha majaribio kikatwe vipande vya sentimita 30 kwa 30. Marekani yenye upana wa mita moja na nusu inatoa vipande 20 kwa urefu wa mita 1.2 tu. Kila kipande kikishakauka kibandikwe katika daftari kubwa, na pembeni yake paandikwe tarehe, jina la aliyekitengeneza, uzito wa rangi, dakika, aina ya mkunjo au mshono, na kama beseni lilikuwa jipya au la pili. Daftari likae kwa katibu wa kikundi, na nakala ya picha zake ije nasi katika taarifa ya robo mwaka.